Vitabu vya simu tunavyouziwa: kuna anayevisoma kabla ya kutuuzia?

Mpanga Kurasa (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Wiki iliyopita mjomba wangu alinipigia simu kutoka Hombolo. Ana shamba la zabibu huko, si kubwa, lakini ndilo linalosomesha wanawe. Majani yalikuwa yameanza kupata ule ukungu mweupe kama unga, na alikuwa amenunua kitabu cha kilimo cha zabibu, softcopy, kwa shilingi 8,000. Alilipa kwa simu, akatumiwa faili kwa WhatsApp. Akaniuliza, "Mwanangu, hii salfa kweli ni gramu 25 kwa lita moja ya maji?"

Salfa ndiyo dawa ya ukungu huo. Nilishtuka. Kitabu hicho ninacho cha karatasi, kipo kabatini. Nikakifungua. Karatasi inasema gramu 2.5. Nikamwomba anipigie picha kioo cha simu yake: gramu 25. Nukta imepotea. Kwa bomba la mgongoni la lita 20, tofauti yake ni gramu 50 dhidi ya gramu 500. Anayejua jua la Dodoma anajua salfa iliyozidi inavyounguza majani. Mjomba alinusurika kwa sababu alikuwa na mtu wa kumuuliza, na mtu huyo kwa bahati alikuwa na chapa ya karatasi.

Nikamwomba anitumie faili lote. Nimefanya kazi ya kupanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji miaka 11, hapahapa Dodoma, kwa hiyo nikikaa na kitabu macho yangu hayatulii. Nilichokikuta kimenisikitisha kuliko hiyo nukta.

"Kilimo" kimeandikwa "kilirno" mara nyingi mno. "Mtama" umekuwa "rntama". Hiyo ni alama ya wazi kwamba kitabu kilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kisha programu ikaachiwa ibahatishe herufi. Programu hizo huona m ikaisoma r na n zilizobanana. Vilevile "lita 1" imekuwa "lita l", yaani tarakimu imegeuka herufi. Katikati ya sentensi unakutana na jina la sura na namba ya ukurasa, kwa sababu vilikuwa juu ya karatasi na hakuna aliyeviondoa. Maneno yaliyokatwa kwa kistari mwisho wa mstari wa karatasi yamebaki na vistari vyao katikati ya mstari wa simu: "um-wagiliaji", "mbo-lea".

Kosa lililoniuma zaidi halikuwa na sura ya kosa. Kitabu kinasema Dodoma ni "eneo la nusu karne". Mwandishi aliandika nusu kame! Kame na karne yote ni maneno halali ya Kiswahili, hivyo hakuna programu ya tahajia itakayopiga mstari mwekundu hapo. Kurasa chache mbele, kinyume chake: "mwanzoni mwa kame ya 20". Makosa ya namna hii yanaonwa na jicho la mtu anayesoma akielewa anachosoma, basi. Mashine haiyaoni.

Kiwandani kwetu kitabu hakiingii mashineni mpaka prufu, yaani nakala ya majaribio, isomwe na mhariri au mwandishi aweke sahihi. Ukikosea nakala 1,000 za karatasi, hasara unaiona kwa macho, imepangwa ghalani. Kwenye vitabu vya simu hatua hiyo imeyeyuka. Mtu anabadilisha faili, anaona limefunguka, anaanza kuuza. Ninaamini kabisa kwamba kitabu cha mjomba hakuna mtu hata mmoja aliyekisoma kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kukipangia bei.

Wengine mmekutana na nini? Na je, mlirudishiwa pesa?

---

Binti Kizota

Mkuu pole kwa mjomba. Mimi nasoma chuo hapa mjini. Muhula uliopita nilinunua kitabu cha takwimu, nikatumiwa PDF ya MB 94. Bando la wiki lote likaishia hapo. Kufungua, ni picha za kurasa, zingine zimepinda, ukurasa mmoja una kidole gumba cha mpiga picha kimefunika fomula. Huwezi kutafuta neno, huwezi kukuza maandishi bila kuvuta ukurasa kushoto na kulia kila mstari. Ukurasa wa A4 kwenye simu ya inchi 6 unasoma nusu mstari, unavuta, unamalizia, unarudi.

Nilimwandikia muuzaji. Akanijibu kwamba softcopy ikishatumwa hairudishwi.

---

Mpanga Kurasa

Pole dada. Hapo ni vizuri watu waelewe tofauti, maana wauzaji wengi wanatuchanganyia.

PDF ilibuniwa kulinda sura ya karatasi. Ilitoka 1993, na kazi yake ni kuhakikisha ukurasa unaonekana vilevile kwenye kila mashine. Kwa uchapaji ni nzuri sana, sisi ndiyo tunayoitumia kila siku. Kwa simu ndogo inakuwa mzigo, kwa sababu ukurasa haujipangi upya kulingana na kioo. EPUB, iliyopitishwa kuwa kiwango 2007, ilifanywa kwa ajili ya kazi hiyo: maandishi yanatiririka, unakuza herufi na mistari inajipanga. Kitabu cha maneno matupu cha EPUB mara nyingi hakifiki hata MB 1.

Kwa hiyo MB 94 za picha za kurasa si kitabu cha simu. Ni picha za kitabu. Anayeziuza aseme hivyo tangu mwanzo, mnunuzi aamue.

---

Mwandishi wa Area C

Wakuu, naomba nisemee upande wa pili kidogo, maana mnatuchapa wote kwa fimbo moja.

Mimi nimeandika riwaya mbili na nauza mwenyewe. Nilimlipa kijana shilingi 40,000 anigeuzie kitabu kuwa EPUB. Akanitumia, nikafungua kwenye kompyuta, nikaona kipo sawa, nikashukuru. Sikujua kwamba kwenye simu aya zote zimeungana. Niliambiwa na msomaji miezi mitatu baadaye. Niliumia sana, kwa sababu sura ya mwisho niliiandika upya mara tisa.

Na kuhusu kuuza picha za kurasa: wengine wanafanya hivyo wakiogopa wizi. Ukituma maandishi, kesho mtu anayanakili na kuyasambaza kwenye magrupu. Mwandishi wa Tanzania anauza nakala 50, zinasomwa na watu 2,000. Hilo nalo ni jambo la kuumiza.

---

Mpanga Kurasa

Ndugu mwandishi, nakuelewa na nakuheshimu. Kuandika sura mara tisa si mchezo. Ndiyo maana inauma kuona kazi hiyo inafika kwa msomaji ikiwa imevunjika.

Lakini picha za kurasa hazizuii wizi. Faili la picha linasambazwa WhatsApp kwa kidole kilekile kinachosambaza faili la maandishi. Anayeumia ni yule aliyelipa.

Na kijana wa 40,000 simlaumu peke yake. Yeye alilipwa kugeuza, hakulipwa kusoma. Ni kazi mbili. Siku nyingine ukimpa mtu kazi hiyo, bakiza kitu kwa ajili ya mtu wa pili atakayekaa na simu ya kawaida, ya bei ndogo, asome kurasa zote akiwa na nakala yako pembeni. Kompyuta ina kioo kikubwa, inaficha mengi.

---

Malenga wa Kongwa

Hamjagusa mashairi. Niwaonyeshe.

Shairi letu la mizani 16 (silabi 16 kwa kila mshororo) lina ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, mizani nane kwa nane, na msomaji anavitafuta vina kwa jicho kabla ya sikio. Nilitunga hivi:

Shamba langu la zabibu, nimelilima kwa jembe,
Jua kali si ajabu, na kiu kama ya ng'ombe

Kina cha kati *bu*, cha mwisho *mbe*. Kitabu kilipotoka cha simu, nikakuta hivi:

Shamba langu la zabibu, nimelilima
kwa jembe, Jua kali si ajabu, na kiu
kama ya ng' ombe

Hilo si shairi tena. Mishororo imegeuzwa nathari, kina kimezama katikati, na ng'ombe amekatwa shingo. Diwani yote iko hivyo, beti 212. Nilipouliza nikaambiwa simu ndizo zinafanya hivyo, hakuna dawa. Ni kweli hakuna dawa?

---

Fundi wa Majengo

Mzee wangu, shikamoo. Dawa ipo.

Faili la EPUB kwa ndani ni kurasa kama za tovuti zilizofungwa pamoja kwenye faili moja lililobanwa. Lugha ya kurasa za tovuti ina tabia moja: ukiweka nafasi kumi mfululizo, inaonyesha moja. Na ukigonga kitufe cha kushuka mstari bila kuiambia kwamba hapo mstari umeisha, inaunganisha. Aliyegeuza diwani yako alinakili maandishi akadhani nafasi na mistari vitabaki kama vilivyokuwa kwenye karatasi.

Kinachotakiwa, kila mshororo uwekwe kama kipande chake chenyewe, na upewe maelekezo kwamba kioo kikiwa chembamba, sehemu iliyobaki ishuke ikiwa imeingia ndani kidogo. Msomaji akiona mstari ulioingia ndani anajua ni mwendelezo, si mshororo mpya. Kazi ya beti 212 mtu mwenye uzoefu anaimaliza kwa siku moja au mbili. Programu ya Sigil ni ya bure na inafanya hivyo vizuri.

Na hiyo nafasi ndani ya "ng' ombe" imetokana na kupigwa picha. Programu ikiona ritifaa (ile alama ya ' kwenye ng') inadhani ni alama ya kufunga nukuu, inaweka nafasi baada yake.

---

Mpanga Kurasa

Fundi umenigusa kwenye ritifaa. Naomba tukae hapo, maana ndipo Kiswahili chetu kinapoonewa zaidi.

Sisi tuna ng' kila mahali. Ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'arisha. Na hapa Dodoma ndiyo usiseme: Chang'ombe, Ng'hong'hona. Kwenye kompyuta ritifaa inaweza kuandikwa kwa alama zaidi ya moja zinazofanana kwa macho. Kuna ile iliyonyooka, kuna ile iliyopinda, na kuna watu wanaotumia ile alama iliyoinama kinyume (`) iliyo kwenye kona ya kibodi juu ya Tab. Kitabu kimoja nilichokipima kilikuwa na zote tatu. Matokeo yake, ukitafuta "ng'ombe" kwenye simu unapata sehemu nne tu katika kitabu kizima cha ufugaji, unadhani ng'ombe ametajwa mara nne.

Halafu kuna ile balaa ya "ngâ€™ombe". Wengi mmeiona mkadhani ni kirusi. Si kirusi. Ritifaa iliyopinda imehifadhiwa kwa mfumo mmoja wa herufi, UTF-8, halafu imesomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, ndipo alama moja inazaa tatu. Anayejua kazi hii anairekebisha kitabu kizima kwa dakika tano. Kuiacha ni dalili kwamba hakuna aliyefungua hata ukurasa wa kwanza wenye ng'ombe.

---

Mwalimu Chamwino

Habari za jioni wote. Mimi ni mwalimu na nina uoni hafifu sana, vitabu nasomewa na simu. Nimefurahi uzi huu umeanzishwa.

Kwetu mambo haya hayaishii kwenye kuudhi. Picha ya ukurasa haina herufi ndani yake, kwa hiyo simu inanyamaza. Nimelipa, na sina kitabu. Na kitabu chenye maandishi nacho kina shida nyingine ambayo wenye kuona hamuijui: nikikifungua, sauti inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. "Wake zake" inasomwa kama maneno ya Kiingereza. Baada ya kurasa mbili kichwa kinauma nazima. Simu yangu ina sauti ya Kiswahili, na magazeti ya mtandaoni inayasoma vizuri. Kwa nini vitabu nilivyolipia visisomeke?

---

Fundi wa Majengo

Mwalimu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Sababu yake ni neno moja lenye herufi mbili.

Ndani ya kila EPUB kuna sehemu ya taarifa za kitabu: jina, mwandishi, lugha. Programu nyingi za kugeuza zimewekwa Kiingereza tangu zinapotoka kiwandani, na mgeuzaji asipobadilisha, kitabu cha Kiswahili kinatoka kimeandikwa "en" badala ya "sw". Simu inatii. Inasoma kwa Kiingereza. Inakata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza pia, ndiyo maana mnaona "sham-ba" na "kitam-bulisho", wakati silabi zetu ni sha-mba na ki-ta-mbu-li-sho.

Ukipenda njoo dukani kwangu hapa Majengo, au mtu akuletee faili, nitakubadilishia bila malipo. Unafungua kitabu kwenye Calibre, programu ya bure ya kupanga na kugeuza vitabu vya simu, sehemu ya kuhariri taarifa, unachagua Kiswahili, kisha unahariri kurasa za ndani ziseme hivyo hivyo. Vitabu vyako vyote naweza kuvimaliza kwa jioni moja.

---

Mwalimu Chamwino

Mungu akubariki kijana wangu. Jumamosi namtuma mwanangu na simu.

---

Mwandishi wa Area C

Nimefungua riwaya zangu zote mbili sasa hivi. Zote zimeandikwa "en". Naona aibu mbele ya mwalimu. Nazirekebisha usiku huu.

Swali: nimeona kuna programu ya bure ya kukagua, EPUBCheck. Ikisema hakuna kosa, inatosha?

---

Mpanga Kurasa

Itumie, ndugu yangu, haina mbadala kwa kazi yake. Inakagua kama faili limejengwa kwa kufuata kanuni: kama kuna sura iliyotajwa lakini haipo, picha iliyopotea, kiungo kisichokwenda popote. Faili lisilopita hapo linaweza kufunguka kwenye simu yako likagoma kwenye ya jirani.

Lakini haijui Kiswahili wala salfa. Gramu 25 kwake ni sawa na gramu 2.5. Nusu karne kwake ni sawa.

Kwa makosa ya m iliyogeuka rn kuna njia ya haraka kwa Kiswahili. Maneno yetu karibu yote hayana r na n zikifuatana, kwa hiyo ukitafuta "rn" kwenye faili utayakuta makosa mengi kwa mkupuo. Msibadilishe yote kwa amri moja tu! Mtaua "karne" zote na majina kama Bernard. Nendeni moja moja. Namba nazo zisomwe na watu wawili, mmoja ana karatasi anatamka, mwingine ana simu anafuata kwa kidole. Ndivyo tunavyofanya kwenye vitabu vya hesabu, na sioni kwa nini kitabu cha viuatilifu kipewe uangalizi mdogo kuliko huo.

---

Binti Kizota

Na wa nje nao wanauza hivi hivi, au ni sisi tu?

---

Mpanga Kurasa

Hata wao, dada. Kindle ilipotoka Novemba 2007 wachapishaji wa nje walijikuta na vitabu vya zamani ambavyo mafaili yake hayakuwepo tena. Vikapigwa picha na kugeuzwa kwa wingi, na wasomaji wao wakalalamika kwa makosa haya haya ya herufi, vistari na tanbihi zisizobofyeka. Tofauti ninayoiona ni kwamba msomaji wa huko anaweza kubonyeza kwenye neno akaripoti kosa, na nakala iliyorekebishwa ikaweza kumfikia. Sisi tuna namba ya WhatsApp ya muuzaji, na hiyo ikitumiwa vizuri inatosha kabisa.

Ndiyo hoja niliyompelekea muuzaji wa kitabu cha mjomba.

---

Mpanga Kurasa (mrejesho)

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nilimpigia muuzaji juzi. Nilitegemea ugomvi. Mwanzo alisema yeye ni wakala tu, faili alipewa. Nikamtumia picha mbili, ukurasa wa karatasi na kioo cha simu, 2.5 na 25. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama mzee ameshapiga dawa. Nikamwambia bado. Akasema alhamdulillah.

Nilimwomba mambo matatu. Faili lirekebishwe na lisomwe upya lote. Ukurasa wa mbele uandikwe tarehe ya marekebisho, maana mafaili mawili yenye jina moja yakizunguka mitaani mkulima hatajua analo lipi. La tatu ndilo nililisisitiza: namba za wote walionunua anazo kwenye simu yake. Kitabu cha karatasi kikishauzwa na kosa, huwezi kumfuata kila mnunuzi. Yeye anaweza, na kila aliye na lile faili la kwanza bado ana gramu 25 mfukoni.

Jana usiku mjomba amepokea faili jipya, na ujumbe unaowataka wanunuzi wafute la zamani. Kipimo cha salfa kimesahihishwa, tarehe ipo. "Nusu kame" imerudi. Pesa hakurudisha, na mjomba amesema hazitaki, anataka kitabu.

Nimelisoma mpaka sura ya nne. Jedwali la mbolea bado limeingizwa kama picha ndogo, tarakimu za safu ya mwisho hazisomeki hata ukikuza. Nimemwandikia tena leo asubuhi. Keshokutwa nakwenda Hombolo na nakala ya karatasi. Tutakaa na mjomba, mimi nitamke, yeye afuate kwenye simu yake, na orodha ya yatakayobaki nitamtumia muuzaji jioni hiyo hiyo.

Mwenye kitabu hiki na hajapata ule ujumbe, anitafute inbox.